Chaki Ilipohama Mkono

Mwanangu, anayejifunza kutumia mkasi, aliniuliza juzi kwa nini ninakata karatasi kwa mkono wa kushoto ilhali ninaandika kwa wa kulia. Nilimjibu kwamba ndivyo nilivyozoea, jibu ambalo halikumridhisha hata kidogo.

Mimi nilikuwa mtoto wa shoto. Shuleni, tangu herufi ya kwanza, kalamu ilihamishiwa mkono wa kulia kwa njia za enzi zile, ambazo sina haja ya kuzieleza, na hatimaye mwandiko ukatulia. Kisha ikaja asubuhi niliyoitwa ubaoni kuandika sentensi ndefu. Nilisimama katikati ya ubao ambao ulikuwa mpana kuliko nilivyoweza kuufikia kwa mkono mmoja. Nikaanza kwa wa kushoto, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu na mwanzo wa mstari, na maneno yalipofika mbele ya pua yangu chaki ikahamia mkono wa kulia, bila mimi kuamua lolote, ikaendelea hadi ukingo wa pili. Sikuwa nimesogeza mguu. Kicheko kilianzia dawati moja, kikaenea. Mwalimu, yule yule aliyenihamisha mkono, alikuja akaupitia mstari kwa kidole, akitafuta mahali mwandiko ulipobadilika, akaonyesha neno ambalo silo. Hakuniadhibu wala hakunisifu. Alisema tu, "Futa, uandike upya," bila kutaja kwa mkono upi.

Wenzangu wakanipa sifa ya kutumia mikono yote sawasawa, nami nikaibeba kwa miaka mingi, hadi ukubwani nilipojaza dodoso la Edinburgh la kupima mkono ambao mtu huutegemea, alilolichapisha mwanasaikolojia Oldfield mwaka 1971. Huuliza mkono upi mtu huutumia kuandika, kurusha, kupiga mswaki, kuwasha kiberiti, hata upi hukaa juu anaposhika ufagio. Kwangu, karibu kila kitu isipokuwa kuandika kiliangukia kushoto. Basi huenda mimi ni wa shoto tu, kama alivyo takriban mtu mmoja kati ya kumi, niliyefunzwa kazi moja kwa upande wa pili.

Hata hivyo, dodoso haliulizi kuhusu ubao mpana. Inafahamika kwamba umbo la herufi hutunzwa na ubongo, si vidole, kiasi kwamba mwandiko wa mtu hufanana na wake wa kawaida hata akiandika kwa mkono usiozoea. Lakini ukweli huo hueleza jinsi mkono wangu wa kushoto ulivyoweza, hauelezi kwa nini ulitangulia bila kuitwa.