Kijia cha Mfongo

Mwaka 1997 nilikuwa na miaka 11, naishi kwa babu na bibi Kibosho, na babu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mfongo wetu. Kwa asiyetoka Kilimanjaro, mfongo ni mfereji wa udongo unaochepusha maji mtoni, juu kabisa msituni, na kuyatembeza ubavuni mwa mlima mpaka kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba. Wazee waliichimba mifongo kabla Mjerumani hajafika, bila saruji. Mteremko wake ni mdogo sana, hata ukiutazama mfongo kutoka ng'ambo ya korongo unaweza kuapa kwamba maji yanapanda.

Upande wa bondeni, juu ya tuta, kuna kijia. Nimeshaona mifongo iliyokufa, na kila mara kijia ndicho kilichotangulia kufa. Anayepita ndiye anayeona: tawi lililokwama, jiwe lililoporomokea ndani, na zaidi ya yote kazi ya fuko. Fuko huchimba tutani akitafuta mizizi. Shimo lake likikutana na maji, maji hupenya taratibu yakibeba udongo, na baada ya siku chache tuta limebaki ganda. Babu alinifundisha kutazama vitu viwili: kichuguu cha udongo mbichi, na majani makavu yanayozunguka mahali pamoja badala ya kwenda na maji.

Baba zangu wadogo walikuwa Dar es Salaam, na goti la babu lilikuwa linamsumbua, kwa hiyo zamu ya jioni ikawa yangu. Nilitembea mpaka kwenye jiwe kubwa lililo chini ya banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, nikageuka. Kwenye banio lenyewe wasichana hatukufika. Hiyo ilikuwa desturi.

Mwaka ule vuli haikukatika. Redio ilisema ni El Niño. Babu alikuwa ameliziba banio na kuacha maji kidogo tu ya ng'ombe na ya jikoni, lakini mvua ya mlimani nayo ilimwagikia mfongoni. Jioni moja ya Desemba nilifika kona ya pili nikiwa nimelowa mpaka mifupani. Kijia kilikuwa utelezi mtupu. Mbele yangu kilikuwa kipande kinachopita juu ya kihamba cha mjane mmoja, tuliyemwita Bibi wa Korongoni. Nikarudi nyumbani.

Babu alikuwa anaota moto. "Umefika kwenye jiwe?"

"Nimefika, babu. Kote salama."

Usiku ule ule tuliamshwa na mlio kama wa lori linalomwaga mawe.

Kulipokucha nikaenda na babu. Tuta lilikuwa limepasuka hatua saba, na maji yamechimba mfereji mwingine, mbaya, katikati ya kihamba cha Bibi wa Korongoni. Mikahawa ilikuwa imelala mizizi juu. Migomba ilikuwa imesombwa na kurundikana kwenye uzio. Ukuta mmoja wa banda ulikuwa umekwenda, na ng'ombe amesimama kwenye tope, mzima, akitutazama.

Babu aliinama kwenye ukingo wa mpasuko. Njia ya fuko ilionekana wazi, imekatwa nusu kama bomba. Juu yake kulikuwa na kichuguu, lakini mvua ilikuwa imekwisha kukilaza na kukisambaza. Haikuwa kazi ya usiku mmoja. Babu alikitazama kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Wanaume walipouliza, alijibu neno moja tu: "Fuko."

Sikuweza kula. Nilimfuata alipokuwa akikata majani ya ng'ombe, nikamwambia yote. Hakuinua sauti.

"Mimi niliwaambia wenzangu kote salama," alisema, "kwa neno lako."

Akaenda mpakani, akakata jani la sale, ule mmea wa mipakani, akalifunga fundo, akanipa. "Tangulia."

Kwetu mtu akija na sale kuomba radhi, hakataliwi. Kulijua hilo hakukunipunguzia uzito hata kidogo. Nilikuwa naenda kumwomba mtu kitu ambacho hakuwa na nafasi ya kuninyima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Alikuwa anakwangua tope mlangoni. Nilimnyooshea jani kwa mikono miwili, nikasema nilivyoishia kona ya pili, nikasema na nilivyomdanganya babu. Alinyamaza, akageukia mikahawa.

"Ile aliipanda marehemu," akasema. Kisha akalipokea jani, akalichomeka juu ya mlango. "Kesho uje mapema. Mizizi isikauke."

Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ulichukua siku tatu. Watu walikuwa wameanza kurudi kwa ajili ya Krismasi, kwa hiyo mikono ilikuwapo, na aliyekosa bila sababu alitozwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Wanaume walikita vigingi, wakalaza mashina ya migomba, wakajaza udongo wa mfinyanzi na mabonge ya nyasi, wakashindilia kwa miguu. Wanawake walileta mtori. Mimi nilikuwa chini na Bibi wa Korongoni, tukiisimamisha mikahawa mmoja mmoja. Tulirudishia tisa. Ilishika minne.

Mvua zilipotulia, banio likafunguliwa. Babu aliniita, tukasimama kwenye tuta jipya. Akaokota jani kavu, akalitupa majini. Likapita mbele yetu bila kuzunguka, likaenda zake.

"Haya," alisema, "twende mpaka kwenye jiwe."

Aliniacha nitangulie.