Hiyo yako

Leo ni siku ya nne na maneno mawili bado yananizunguka kichwani: "hiyo yako."

Mnamjua binti yangu mkubwa, yule aliyewahi kuwaambia wageni kwamba kazi ya baba ni kutazama mstari ukijaa. Jumamosi usiku nilikuwa nayo kazi ya kuhariri video ya mkutano, saa nne za picha kutoka kamera tatu. Mac yangu inarenda, yaani inaunganisha vipande viwe video kamili, na mstari umeganda asilimia 41. Akaja akasimama nyuma ya kiti, simu mkononi. Video ya kumpongeza Bibi kwa kutimiza miaka sabini alikuwa ameshaimaliza: picha, muziki, maandishi yanayoruka. Dakika ishirini, kidole kimoja. Akauliza kwa upole kabisa:

"Baba, kwani hiyo yako inafanya nini ambacho hii haifanyi?"

"Inafanya kazi," nikasema.

"Na hii je, inalala?"

Akaenda zake.

Tangu hapo nimemjibu mara kumi, bafuni, kitandani, kwenye foleni. Nimemweleza habari za kamera tatu ambazo mdomo na sauti lazima viende pamoja. Nimemweleza rangi ya ngozi ya mtu mmoja inavyobadilika kila kamera ikibadilika. Majibu mazuri, na yote yamechelewa. Halafu lile neno "hiyo"! Hata si "kompyuta yako". Hiyo, kama mtu anavyoonyesha kitu kilichoachwa uani.

Kinachouma si mtoto. Ni kwamba Apple, kampuni yenyewe inayotengeneza Mac, ilishayasema hayo kabla hajazaliwa. Tarehe 9 Januari 2007 mkuu wake, Steve Jobs, alionyesha simu ya iPhone, na jukwaani hapo hapo akatangaza kwamba Apple Computer sasa itaitwa Apple tu. Miezi mitatu baadaye mfumo mpya wa Mac ukasogezwa kutoka Juni hadi Oktoba, na sababu haikufichwa: wahandisi walikuwa wameazimwa kwenda kumalizia simu. Mwaka 2011 ikaja Final Cut Pro X, isiyofungua miradi ya toleo lililotangulia, wala kuhariri kamera nyingi kwa pamoja mpaka mwaka uliofuata. Programu ya wahariri, hiyo! Mwishoni mwa 2013 ukaja ule mcheduara mweusi wa Mac Pro, kompyuta yao ya wataalamu, watu wakaubatiza pipa la taka, ukakaa miaka sita bila mrithi. Aprili 2017 wakuu wao waliita waandishi wachache wakakiri kwamba walijibana wenyewe: umbo lile halikuacha njia ya kupoza kadi kubwa ya picha. Na mrithi alipofika, Desemba 2019, magurudumu yake yaliongezewa bei ya dola 400. Magurudumu.

Hesabu nazo ziko upande wa binti. Katika mwaka wa fedha wa 2023 iPhone iliingiza takriban dola bilioni 200 kati ya 383 za mauzo yote ya Apple. Mac zote, za wanafunzi na za sisi tunaokesha, 29. Ningekuwa mimi mwenye duka ningemkimbilia nani?

Jana jioni nikamwita, nimejiandaa kwa hotuba. Kilichonitoka mdomoni sikuwa nimekipanga. Nilimwambia kwamba chipu za M1, zilizoanza kuingia kwenye Mac Novemba 2020, ni za ukoo mmoja na zile za iPhone. Kwamba miaka yote ile ya kuhangaika simu isiwake moto mfukoni wala isimalize betri ndiyo iliyokuja kutupunguzia sisi kusubiri. Akafikiri kidogo.

"Kwa hiyo hiyo yako ni simu kubwa."

Nilicheka mpaka mama yake akaja kuchungulia.

Ndipo nikaomba kuiona video, maana siku zote hizo nilikuwa sijaitazama. Katikati pana kicheko cha Bibi. Unakisikia kwanza, juu ya picha ya mlango uliofungwa, halafu ndipo sura yake inatokea. Mimi kutanguliza sauti namna ile nilifundishwa na mtu mzima, nikakosea miezi. Nilipomuuliza nani kamwonyesha, akainua mabega: "Niliona inafaa tu." Nikaomba anirudishie nyuma, nikaitazama tena. Na tena.

Mama yangu, Bibi mwenyewe, naye ameshaiona. Alicheka kila mahali pa kucheka. Lakini simu aliishika pembeni, akageuza uso akawa anatazama kwa jicho la kushoto tu, na yale maandishi yanayoruka, makubwa vile, akataka mjukuu amsomee. Nikamuuliza kulikoni, akasema ni jua tu linampiga machoni. Ilikuwa saa mbili usiku.