My Mister: tamthilia ya kusikilizwa

Katika tamthilia za Kikorea tunazopeana kwa flashi hapa Tanga, nyingi zikiwa na mtu anayetafsiri juu ya sauti za waigizaji, ningeomba My Mister itazamwe kwa sauti yake yenyewe, hata kama itabidi kusoma maandishi ya chini. Tamthilia hiyo, iliyoandikwa na Park Hae-young na kurushwa na kituo cha tvN mwaka 2018 kwa vipindi 16, imejengwa juu ya kusikiliza, na mtafsiri anayejaza kila kimya kwa maneno yake anaiharibu.

Lee Ji-an, anayeigizwa na mwimbaji IU, ni kibarua wa ofisini anayemlea bibi yake asiyesikia wala kusema, huku akiandamwa na mdai anayempiga. Usiku chakula chake ni mabaki ya hotelini anakoosha vyombo, na pakiti za kahawa alizoiba kazini, ambazo humimina mbili katika kikombe kimoja. Kwa malipo, anajitolea kumsaidia mkurugenzi kumng'oa kazini mhandisi Park Dong-hoon, na kwa ajili hiyo anaidukua simu ya mhandisi huyo ili asikie kila anachosema. Mkurugenzi huyo ndiye mwenye uhusiano na mke wa Dong-hoon.

Mama mdogo, niliyeitazama naye nyumbani Ngamiani, alikasirika Dong-hoon alipolijua jambo hilo asiseme kitu. "Mwanamume gani huyu, kimya kama maji mtungini?" Mimi sikuuona ukimya ule kuwa upole, wala subira. Dong-hoon anashikilia kwamba jambo wasilolijua watu si jambo, na anamhofia mama yake na kaka na mdogo wake kulijua kuliko anavyoumizwa nalo mwenyewe. Sisi watu wa pwani, tuliolelewa kwa sitara katika vyumba visivyo na dari, ambamo jirani akikohoa unampa pole bila kuinuka kitandani, tunaujua vizuri mzigo huo. Ji-an, mwenye kulipwa kumwangamiza, anasikia hata pumzi zake anapopanda ngazi kurudi nyumbani, na kwa kusikia huko anaanza kumlinda. Anaendelea kumdukua hata hivyo, na mwandishi hakulisafisha kosa hilo, jambo lililonifanya nimwamini.

Lee Sun-kyun, aliyefariki Desemba 2023, anamwigiza Dong-hoon kwa mabega na mwendo zaidi ya uso. Upungufu ninaouona uko kwa mke, Yoon-hee, ambaye majuto yake tunayapata kwa wingi lakini upweke ulioyatangulia unapitiwa haraka, ingawa kuishi na mume asiyesema si jambo dogo.

Kipindi cha kwanza kina kipigo kilicholalamikiwa hata Korea. Mwenye watoto sebuleni awalaze kwanza.