Saa Ngapi kwa Wiki

Sisi tuliosoma Tanzania tumezoea jambo moja: matokeo yakitoka, yametoka. Ukipata one ya saba kidato cha nne, hakuna anayekuuliza nyumbani kwenu nani anachota maji. Selform, ile fomu ya kuchagua shule, ulishaijaza; unapangiwa shule, unafunga sanduku. Alama zinakusemea, wewe umekaa kimya. Nilihamia hapa Columbus, Ohio, na imani hiyo, nimemshika mkono binti yangu wa miaka minne, na miaka yote iliyofuata nilimwambia neno lilelile: soma mwanangu, mengine yatajipa. Sikujua kwamba vyuo vya huku huuliza zaidi ya alama.

Alisoma. Agosti 2023 alipoanza mwaka wa mwisho wa sekondari, mshauri wa wanafunzi wa shule yao alikaa naye dakika chache, akamwambia ajiandikishe chuo cha jamii kilicho jirani, miaka miwili, gharama nafuu, asiende mbali na mama. Mimi nilishukuru. Nilimpelekea yule mshauri maandazi. Na vyuo vya jamii sivibezi hata kidogo, kazi yangu ya kuhudumia wazee nilijifunza huko. Ila mtoto aliyekuwa kati ya watano wa kwanza darasani hakutajiwa chuo kingine hata kimoja, na mimi mama yake sikujua kwamba hapo palikuwa na swali la kuuliza.

Wachumi wawili, Caroline Hoxby na Christopher Avery, walilichunguza jambo hili zaidi ya miaka kumi iliyopita. Waliona kwamba wengi wa wanafunzi wenye alama za juu kabisa wanaotoka familia za kipato kidogo hawaombi hata chuo kimoja kati ya vile vinavyochuja sana. Hawakukataliwa. Hawakuomba. Nilipoyasoma hayo nilikuwa kwenye zamu ya usiku, na niliiweka simu kifudifudi nikakaa kwanza.

Bei ndiyo inayofukuza watu. Mwaka ule wa masomo Harvard ilitangaza karibu dola 80,000 kwa masomo, malazi na chakula. Nani wa kwetu ataisoma tarakimu hiyo mara mbili? Lakini mwaka huohuo familia yenye kipato cha chini ya dola 85,000, na mali za kawaida, haikutakiwa kulipa kitu, na tangu 2025 kiwango hicho kimepanda hadi dola 100,000. Vyuo vya aina hiyo ni vichache, ila vipo, na kwa mtoto wa mhudumu wa wazee na dereva wa lori vinaweza kuwa vya gharama nafuu kuliko chuo cha jimbo lako mwenyewe. Kuna pia QuestBridge, mpango wa kuwaunganisha wanafunzi wa kipato kidogo na vyuo: mtoto anapanga vyuo hadi 15 kwa jinsi anavyovipenda, na kikimchukua kimojawapo, analipiwa miaka yote minne. Maombi yake yanafungwa mwishoni mwa Septemba. Mimi nililisikia jina hilo Novemba. Mzazi mwenye mtoto wa darasa la kumi na moja, liandike leo kwenye kalenda ya jikoni.

Mwaka ule tulioomba sisi ulikuwa mgeni kwa kila mtu. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua, katika kesi dhidi ya Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, kwamba vyuo visitumie tena rangi ya mwombaji katika udahili. Jaji Mkuu John Roberts aliacha upenyo mmoja: mwanafunzi anaweza kueleza jinsi rangi au asili yake ilivyogusa maisha yake, mradi chuo kimpime yeye kama yeye. Kisanduku cha rangi kikabaki kwenye fomu, lakini vyuo vingi vikawafichia maofisa wa udahili jibu lake. Yote yakahamia kwenye insha, ile ambayo mwombaji anajieleza mwenyewe. Mwisho maneno 650.

Kundi hilo lilipoingia vyuoni 2024, MIT ilitangaza kuwa wanafunzi weusi wa mwaka wa kwanza ni asilimia 5, ilhali miaka ya kabla walikuwa kama 13. Amherst walishuka kutoka 11 hadi 3. Yale walibaki 14 vilevile. Waliofungua kesi walisema waombaji wenye asili ya Asia walikuwa wanaonewa, na wengi wa hao ni watoto wa wahamiaji kama wangu. Maumivu yao siyadharau. Kinachoniuma ni jambo lililofichuliwa na kesi hiyohiyo: kati ya Wazungu waliopokelewa Harvard, zaidi ya asilimia 43 walikuwa wanamichezo walioitwa na makocha, watoto wa wahitimu, watoto wa waajiriwa wa chuo, au waliokuwa kwenye orodha maalumu ya mkuu wa udahili. Upendeleo huo mahakama haikuugusa.

Basi insha. Rafiki yake alimwambia binti yangu: wewe mweusi, wewe Mwafrika, andika mateso. Akaandika. Usiku mmoja nimetoka kazini nikaikuta kompyuta wazi mezani. Kulikuwa na kibanda cha nyasi, na njaa, na mtoto aliyetembea peku kilomita kumi kwenda shule. Nilisoma nimesimama, koti bado mwilini. Huyu mtoto alizaliwa Tanga mjini, karibu na barabara ya lami, akilishwa uji wa ulezi mpaka anaukimbia. Nilimwamsha. Nikamuuliza, "Nani alilala njaa kwetu?" Akalia. Akasema, "Mama, kama sina hadithi hiyo, mimi nina nini?"

Swali hilo nimetembea nalo tangu siku ile. Waliompa mtoto nafasi ya kujieleza walidhani wanampa uhuru, na yeye alichosikia ni kwamba aonyeshe kidonda.

Aliyetutoa hapo ni mwalimu wake wa biolojia. Aliiangalia fomu ya Common App, fomu moja inayotumwa vyuo vingi, ile sehemu ya shughuli za nje ya darasa. Zipo nafasi kumi, kila moja herufi 150, na pembeni unajaza: saa ngapi kwa wiki, wiki ngapi kwa mwaka. Ya binti yangu ilikuwa na mstari mmoja, kwaya ya kanisani. Mwalimu akamuuliza, "Ukitoka shule unafanya nini?" Akajibu, "Sifanyi kitu, naenda nyumbani." "Nyumbani kuna nini?" "Kuna Bibi."

Bibi ni mama mkwe wangu. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia mwaka 2021. Mimi usiku naogesha wazee wa watu, mume wangu yuko barabarani siku kumi na nne anarudi siku tatu, kwa hiyo aliyemwogesha Bibi ni mjukuu wake. Wala hatukumpangia, alianza tu. Na Bibi hakubali kuvuliwa. Kwake mtu mzima hakai uchi mbele ya mtoto, hata awe mgonjwa vipi. Basi binti yangu alijifunza kumwogesha chini ya kanga. Anamfunga kanga kifuani, anamimina maji ya uvuguvugu juu ya bega mpaka kitambaa kishikane na mwili, kisha anapitisha mkono wenye sabuni kwa ndani, kwa kupapasa, macho yake yakiwa ukutani. Anaujua mgongo ule kwa vidole: kidonda kinapotaka kuanza anakijua kabla hakijaonekana. Akimaliza, kanga kavu inashushwa kutoka juu huku ile mbichi inaachiwa chini, na hakuna dakika Bibi yuko wazi. Bibi humwita "mke mwenzangu", kama bibi zetu wote wanavyowatania wajukuu, na wakati wa kuogeshwa humsimulia habari za sokoni Ngamiani.

Fomu ina kipengele cha majukumu ya familia. Kipo siku zote. Maofisa wengi wa udahili husema wanakithamini kama klabu ya mdahalo. Hakuna aliyetuambia, na sisi kwa malezi yetu tusingekiwaza, kwa sababu kumtunza mzazi hakutangazwi. Binti yangu aliona haya kukijaza. Alisema ni kama kumdai Bibi malipo. Tulibishana wiki nzima, na mwisho alikwenda kumuomba Bibi mwenyewe ruhusa. Bibi akasema, "Andika, lakini usiwaambie walichoona macho yako." Binti yangu akamjibu hajaona chochote. Sentensi hiyo ndiyo iliyofungua insha.

Nilimsomea dada mmoja wa kazini, Mmarekani mweusi, familia yake imetoka Alabama. Aliifuta miwani. Halafu akaniambia kwa upole kwamba milango hii ilipiganiwa na wazazi wake, na akiingia vyuoni humo anakutana na watoto wetu zaidi kuliko wa kwao. Hakukosea. Mwaka 2007 Douglas Massey na wenzake walichapisha hesabu kwamba katika vyuo vya Ivy League, kundi la vyuo vya zamani na maarufu kama Harvard na Yale, wanafunzi weusi wapatao asilimia 41 walikuwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji. Sina jibu la kumpa dada yule zaidi ya kutomruhusu mwanangu aingie huko akidhani ameufungua mlango mwenyewe. Majina ya waliopigwa na polisi pale Selma, Alabama, mwaka 1965 wakidai haki ya kupiga kura anayajua kama anavyowajua waliopigania uhuru wa Tanganyika.

Majibu yalikuja Machi 2024. Vitatu vilimkataa, kimoja kikamweka kwenye orodha ya kungoja, na chuo kidogo cha Massachusetts kikamchukua na kulipa karibu yote. Bibi sasa namwogesha mimi. Kanga ninaishika vizuri, lakini bado ananiuliza mke mwenzake anarudi lini.

Jumamosi huwa nakaa kwenye ukumbi wa kanisa na vijana wanaojaza fomu. Wengi ni Wakongomani waliokulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Juzi kijana mmoja alikuwa ameacha nafasi zote kumi wazi. Nikamuuliza akitoka shule anafanya nini. Sifanyi kitu, akasema. Kisha, bila kuniangalia: "Mama, kumusindikiza mama ku hopitali, na kupika, na kuchukua watoto ku shule, ile inaingiaka humu?" Nikamwonyesha pa kuandika. Akafika kwenye saa ngapi kwa wiki. Akaanza kuhesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, akahamia kulia, akarudi kushoto, na bado alikuwa Jumatano.