Nilivyosubiri mimba baada ya kuacha sindano ya miezi mitatu

Nayaandika haya kwa ajili ya mwanamke aliyeacha sindano ya uzazi wa mpango, anatafuta mtoto, na kila mwezi anaambiwa kwamba kizazi chake kimeharibika. Mimi nimekuwa mwanamke huyo. Naishi Nkuhungu, Dodoma. Mume wangu ni dereva wa lori, na mtoto wetu wa kwanza alikuwa ameshaanza shule tulipokubaliana kutafuta wa pili. Sindano nilikuwa nimeitumia kwa miaka kadhaa, ile ya miligramu 150 inayochomwa kila baada ya miezi mitatu, na ilinifaa sana. Sikuwa na kidonge cha kukumbuka kila usiku, na mume akirudi safari hatukuwa na hofu.

Tarehe ya kurudi kliniki ikapita, sikwenda kuchoma, nikaanza kusubiri. Hedhi haikuja. Kipimo cha mkojo kila mara mstari mmoja. Hapo maneno yakaanza.

Mama mkwe wangu anaishi Hombolo, ana shamba la zabibu, na ni mtu wa upole. Alikuja kutusalimia, akasubiri tubaki wawili jikoni ndipo akauliza. "Mwanangu, sikulaumu. Lakini damu ya miaka yote hiyo ambayo hukuiona, imekwenda wapi? Si imejikusanya humo tumboni?" Wifi yangu wa Kizota yeye hakuuliza. Alileta chupa ya dawa ya kusafisha kizazi aliyonunua kwa mama mmoja sokoni, pamoja na vifurushi vya majani vya kuweka ukeni, vya "kutoa sumu ya sindano". Alitumia pesa yake, na alifanya hivyo kwa kunipenda. Kumkatalia mtu wa namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kumkatalia adui.

Nilichofanya ni kumwomba mama mkwe anisindikize kituo cha afya. Nilitaka asikie mwenyewe, maana maneno yangu mimi mkwe yangeonekana ni ubishi, lakini ya mtaalamu aliye karibu na umri wake yangekuwa na uzito. Ninamshauri kila mwenye shida kama yangu afanye hivyo: usiende peke yako kisha urudi kusimulia.

Nesi aliyetupokea alimwamkia mama shikamoo, akachukua kadi yangu ya uzazi wa mpango, akatafuta tarehe ya sindano ya mwisho, akahesabu kutoka hapo. Akatueleza kwamba dawa ile hukaa kwenye msuli na kuyeyuka polepole. Miezi mitatu ndiyo muda ambao una uhakika wa kukingwa, lakini mabaki yake huendelea kuwamo mwilini kwa miezi mingine, na yanapokuwamo ubongo hauviamuru vifuko vya mayai vipevushe yai. Ndiyo maana kwa wastani mwanamke hushika mimba karibu miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Wapo wanaowahi, wapo wanaofika mwaka na nusu. Maelezo ya dawa yenyewe yanasema hivi: kati ya wanawake wanaopata mimba baada ya kuiacha, asilimia 68 hushika ndani ya miezi 12 tangu sindano ya mwisho, asilimia 83 ndani ya miezi 15, na asilimia 93 ndani ya miezi 18. Na hakuna tofauti kubwa kati ya aliyechoma mara mbili na aliyechoma miaka mitano, kwa sababu kinachosubiriwa kuisha ni dozi ya mwisho.

Mama akauliza swali lake la damu. Nesi hakumcheka. Alisema, "Mama, hedhi ni ukuta wa ndani wa kizazi unaojijenga kila mwezi kisha unabomoka. Sindano inaufanya ukuta huo ubaki mwembamba. Kisichojengwa hakina cha kubomoka, kwa hiyo hakuna damu iliyobaki popote." Kuhusu kusafisha kizazi akawa mkali kidogo. Dawa ya sindano huvunjwavunjwa na ini na kutolewa nje ya mwili yenyewe, hakuna majani yanayoiharakisha, na vitu vya kuingiza ukeni huvuruga kinga ya asili na vinaweza kuleta maambukizi. Maambukizi yakipanda mpaka kwenye mirija ya uzazi, yanaweza kuiziba. Yaani mtu mzima kabisa, anayehitaji kusubiri tu, anaweza kujitafutia ugumba wa kweli kwa kuukimbia ule wa kudhaniwa. Hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu dawa hizo zinauzwa wazi wazi na wanunuzi ni wanawake walio katika hali niliyokuwa nayo.

Tulipotoka, mama ndiye aliyempigia wifi simu. Sikuongeza neno.

Kusubiri si kukaa bure, ingawa. Nilianza vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, ambavyo humkinga mtoto na ulemavu wa uti wa mgongo na ubongo, na vinatakiwa viwe vimeanza kabla ya mimba. Tulipima VVU na kaswende wote wawili. Nikaombwa pia kipimo cha klamidia, ugonjwa wa zinaa unaoweza kukaa mwilini bila dalili na kuharibu mirija. Kulikuwa na duka moja la dawa lililokuwa tayari kuniuzia vidonge vya klomifeni vya kupevusha mayai bila hata kuuliza nimeacha sindano lini. Nilivikataa. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari baada ya vipimo, na moja ya madhara yake ni mimba ya mapacha usiyoitarajia.

Kilichonisaidia kuliko yote ni daftari. Hedhi ilianza kurudi kama matone, ikapotea, ikaja nzito, ikapotea tena. Programu ya simu niliyokuwa nayo ilining'ang'ania na siku ya 14 kuwa ndiyo ya yai kutoka, nikaifuta. Siku ya 14 ni ya mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28. Yai hutoka takriban wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo mzunguko ukirefuka hadi siku 40, yai hutoka karibu na siku ya 26. Na kwa mtu anayetoka kwenye sindano, mzunguko mwingine unaweza kupita bila yai lolote, japo damu inatoka. Kuhesabu hakutoshi.

Nesi alinifundisha kuangalia ute wa ukeni. Baada ya hedhi siku kadhaa huwa ni ukavu. Kisha unakuja ute mzito, mweupe, unaokatika. Halafu, ikiwa yai linakaribia kutoka, ute unakuwa mwepesi, wa kung'aa, unavutika kati ya vidole kama mlenda. Hizo ndizo siku zenyewe. Yai likitoka linaishi saa 12 hadi 24, lakini mbegu za mwanaume zinaweza kukaa hai kwenye ute huo hadi siku 5, kwa hiyo kukutana siku chache kabla ndiko kwenye nafasi kubwa, kuliko kusubiri siku yenyewe. Kwa miezi mingi daftari langu liliandikwa "mkavu, mkavu, mzito". Siku nilipouona ule wa kuvutika kwa mara ya kwanza nilifurahi kana kwamba nimeshapata mimba, kwa sababu ulikuwa ushahidi kuwa mwili umeamka.

Ugumu ukahamia kwenye safari za mume wangu. Dereva wa lori hapangi siku zake. Tulikaa chini tukazungumza bila haya, nikamwonyesha daftari, na alipoweza alibadilishana zamu na mwenzake. Siku zote alizokuwa nyumbani tulikutana kila baada ya siku moja au mbili, bila kungoja ishara. Niliomba pia apime mbegu. Nilijua ni ombi zito, lakini wanandoa wanapokosa mtoto, karibu nusu ya mara mwanaume naye anachangia, na kipimo chake ni rahisi kuliko vyote vya mwanamke: ajizuie siku 2 hadi 7, atoe sampuli, basi. Alikubali. Majibu yalikuwa mazuri, na tangu hapo hata ndugu zake walipozungumza, alikuwa akijibu yeye.

Daktari alikuwa ametuwekea mpaka. Kwa umri wangu wakati huo, miaka 32, ningeanza uchunguzi wa homoni na mirija kama mwaka ungepita tangu hedhi irudi kwenye mpangilio bila mimba. Mwenye miaka 35 na zaidi asingoje mwaka, miezi sita inatosha. Vilevile asingoje mtu yeyote anayeumwa tumbo la chini, anayetoa maziwa bila kunyonyesha, au aliyewahi kuugua mirija.

Hatukufika huko. Mimba ilishika masika, zaidi ya mwaka tangu sindano ya mwisho, katika mzunguko ambao mume alikuwa nyumbani kwa sababu lori lilikuwa gereji. Mtoto wa kike, mzima, anatambaa sasa.

Baada ya kujifungua nilimwambia nesi mapema kwamba tunamtaka wa tatu, na kwamba safari hii nataka njia ambayo nikiitoa, uwezo unarudi bila kuchelewa. Niliwekewa kitanzi cha shaba wiki sita baadaye. Hakina homoni. Wifi yangu naye amejifungua, anataka kupumzika miaka miwili tu kisha aendelee. Nimemweleza kuwa sindano si mbaya, na kwa asiye na haraka ya mtoto bado ningeisifu, ila kwa mpango wake yeye kitanzi au kijiti cha kuwekwa mkononi kinamfaa zaidi. Amechagua kijiti.