Siku moja maishani mwangu: karatasi za maua, mkasi na vumbi la chaki

Saa 12:30 asubuhi

Mi natengeneza kadi kwa mkono, na kabla ya kitu chochote natandika meza. Manila nyeupe chini ili nione rangi zangu vizuri, kitambaa kibichi kulia, kikavu kushoto, feni nazima kabisa maana upepo na chaki havikai chumba kimoja. Leo nina kazi mbili, kadi 20 za shukrani ambazo zinatakiwa zitoke leo hii hii, na kadi moja ya kuzaliwa ya mama anayetimiza miaka 70, binti yake alinitumia meseji jana usiku, "dada naomba uniwekee kitu cha bustani, mama anapenda maua ila hapendi yale ya kelele". Nikamjibu sawa mpenzi nimekuelewa, na kweli nimemuelewa, kwa sababu hapo ndo chaki inapoingia. Karatasi za maua zinazouzwa tayari nyingi zina kelele, rangi zote zinaongea kwa wakati mmoja, na ukizipanga mbili tatu kwenye kadi moja bila kuzituliza zinagombana. Chaki kidogo kwenye kingo inazipatanisha. Nikiambiwa nifundishe kitu kimoja tu kwenye hii kazi nitafundisha hicho, kingo.

Saa 1:15 asubuhi

Kukata manila. Hapa sitaki muziki wala simu. Natumia ya gramu 250 kwa mita ya mraba, ikiwa nyepesi sana kadi haisimami mezani inalala yenyewe. A4 naikata katikati napata A5, nikiikunja hiyo inakua A6, yaani milimita 105 kwa 148, inaingia vizuri kwenye bahasha ya C6 ambayo ni 114 kwa 162. Uzuri wa hizi saizi za A ni kwamba ukikata nusu umbo linabaki lile lile ila dogo, kwa hiyo mchoro niliopanga kwa kadi kubwa naweza kuushusha kwa kadi ndogo bila kubadilisha mpangilio.

Ila kabla ya kukata naangalia nyuzi za karatasi zimelala upande gani. Naipinda kidogo kwa mikono miwili bila kuikunja, kwanza kwa urefu alafu kwa upana, upande unaokubali kirahisi ndo nyuzi zinakoelekea, na mkunjo wa kadi lazima uende sambamba na huko. Ukikunja kinyume chake manila inapasuka juu ya mkunjo, inaonyesha vijinyuzi vyeupe, na ukiwa umetumia manila ya rangi iliyokolea basi inaonekana toka mbali.

Mstari wa mkunjo nauchora na kalamu ya biki iliyoisha wino, rula ya chuma, mkono unabonyeza kiasi. Nyuma ya mstari panatokea kakituta, hako kakituta kanatakiwa kaingie ndani ya kadi na mfereji ubaki nje. Wengi wanakunja kinyume, inakunjika ndio, ila haifungi ikalala.

Saa 2:40 asubuhi

Kuchagua karatasi. Hii ndo saa ninayoipenda kuliko zote, natoa boksi lote namwaga mezani. Kwa kadi za shukrani nimechukua tatu, moja yenye maua makubwa, moja yenye vidotidoti vidogo, moja mistari. Nachoangalia ni ukubwa wa nakshi, kubwa moja, ndogo moja, na moja ya kupumzisha macho, na zote ziwe na rangi hata moja inayofanana, leo ni kijani cha majani makavu, kipo kwenye maua, kipo kwenye doti, kipo kwenye mstari. Maua mawili makubwa kwenye kadi ya A6 mi siweki, nafasi ni ndogo jicho halijui litue wapi.

Alafu naigusa kila karatasi kwa kidole. Chaki inahitaji mahali pa kushika, karatasi yenye mng'ao inateleza tu, unapaka unafuta inatoka yote. Ukiipenda sana yenye mng'ao pitisha msasa laini kabisa kwenye kingo tu, mng'ao unatoka na weupe wa ndani unaanza kuonekana, inakua na sura ya kitu kilichotunzwa miaka mingi, na chaki inashika.

Saa 3:30 asubuhi hadi saa 6

Kuchana na kupaka kingo, kwa kadi zote 20. Vipande vya nyuma nimekata na kisu, 95 kwa 138 ili manila ionekane milimita 5 pande zote, ila vile vya juu nachana kwa mkono. Kuchana nako kuna namna yake, unashika karatasi uso wa nakshi ukikuangalia, unavuta taratibu upande mmoja kuja kwako, ikiachana kipande kimoja kinabaki na ukingo mweupe mbele, kingine weupe wake unajificha nyuma. Mi nachukua kile chenye weupe mbele kwa sababu ule weupe umekwaruka, hauna wino wa kiwandani, unameza chaki vizuri ajabu. Hii ni kwa karatasi iliyochapwa upande mmoja yenye moyo mweupe, ile iliyotiwa rangi mpaka ndani haikupi huo mstari.

Chaki zenyewe ni zile laini za kuchorea, za vijiti. Chaki ya ubaoni ni ngumu na rangi yake ni hafifu, kwa vivuli vya mbali inafaa, ila ukitaka kijani kikae kijani tafuta zile za wachoraji, zina rangi nyingi zaidi ndani yake. Na usichanganye na zile za mafuta, zile hazitoi unga, hazipakiki kwa pamba.

Sipaki na kijiti moja kwa moja. Nakwangua kidogo na ncha ya kisu juu ya kipande cha karatasi, unakua unga, nachanganya kijani na kahawia kidogo mpaka kifanane na yale majani kwenye karatasi ya maua, alafu kijiti cha pamba cha masikio, nachovya, nakung'uta, napitisha kwenye ukingo kutoka nje kuingia ndani. Kutoka nje kuingia ndani, hili nalisisitiza, kwa sababu pamba ikigusa mara ya kwanza ndo inaacha rangi nyingi, unataka huo mzigo uangukie ukingoni na ufifie kadri unavyoingia kwenye maua. Rangi ya kwanza nyepesi, ya pili nyepesi, ya tatu ndo inaanza kuonekana. Ukiweka nzito mara moja unapata doa na doa la chaki likishaingia kwenye nyuzi raba inalipunguza tu, haliondoki.

Vumbi linalobaki silipulizi na mdomo. Nageuza kipande kichwa chini nakigonga nyuma kwa kidole, linaanguka. Ukipuliza kuna unyevunyevu unatoka na pumzi, unaacha vidoa, na vumbi lote linarudi usoni kwako, ukilivuta kila siku sio salama kwa mapafu. Ndo maana kile kitambaa kibichi, kila nikimaliza rangi moja nafuta meza na vidole.

Mteja mmoja alishaniuliza si uprinti tu hivyo vivuli, na ni swali zuri. Ile kadi ya Krismasi inayotajwa kuwa ya kwanza kuuzwa, ya London mwaka 1843 ambayo Henry Cole alimpa kazi mchoraji John Callcott Horsley, mistari yake ilichapwa kutoka kwenye jiwe lililochorwa lakini rangi ziliwekwa kwa mkono, moja moja. Ukiweka rangi kwa mkono hakuna mbili zinazofanana, na kwa kadi ya shukrani mi naona hiyo ni heshima kwa anayepokea, kuna mtu amekaa na hii yako peke yake dakika kadhaa.

Saa 7 mchana

Naosha mikono hadi kwenye kucha, nakula chumba kingine. Chakula hakikai kwenye meza ya chaki.

Saa 7:45 mchana

Kadi ya mama wa miaka 70. Hii nimeipa mchana mzima mpaka saa kumi na sijutii hata dakika.

Nimeanza na manila ya rangi ya maziwa isiyo na mng'ao. Nikachana karatasi chakavu kwa mawimbi, hiyo ndo stensili yangu. Naiweka juu ya manila karibu na katikati, naishikilia kwa vidole, nachovya pamba kwenye unga wa bluu-kijivu na napaka kutoka kwenye ile stensili kwenda juu. Ukiinua unakuta kilima, chini yake pakavu peupe, juu yake rangi inayofifia kama ukungu wa asubuhi. Nashusha stensili kidogo, naigeuza ili wimbi lisifanane, kilima cha pili kijani hafifu, cha tatu kijani chenyewe. Cha mbali ndo chepesi cha karibu ndo kizito, ukigeuza huo mpangilio bustani inakua bapa. Mkono wangu wote mda huu umelala juu ya karatasi safi, sio juu ya manila, mafuta ya ngozi hayaonekani ila chaki inayaona, itashika pale zaidi ya pengine.

Raba nayo ni kalamu hapa. Nimeikata pembe ikawa kali, nikavuta njia nyembamba ikipanda kilima cha kati, rangi kwa vile ni nyepesi inatoka inabaki njia nyeupe. Nikafanya na jua dogo, unazungusha tu.

Maua yake sasa. Nina mhuri wa shina lenye maua madogo, na ule wino usio na rangi unaonata unaochelewa kukauka. Unagonga mhuri, huoni kitu zaidi ya unyevu, unachukua pamba yenye chaki unagusa gusa juu yake bila kusugua, na pale pale penye wino rangi inakolea, kwingine inabaki vumbi ambalo unaliondoa kwa brashi laini. Nimegusa shina kwa kijani, vichwa viwili kwa zambarau iliyopoa, kimoja nikachanganya zambarau na waridi kwenye mhuri mmoja, huwezi kupata hivyo kwa wino wa kawaida kirahisi. Ukisugua tu unavuruga, kwa hiyo kugusa, kuinua, kugusa.

Mwisho nikachukua ile karatasi ya maua makubwa, nikakata ua moja tu, nikalipunguza ukali kwa chaki nyeupe juu yake na kijani kwenye kingo za majani, likakaa pembeni chini kushoto. Moja tu. Ndo ile bustani isiyo na kelele niliyoombwa.

Saa 10 jioni

Gundi. Chaki na gundi zina ugomvi wa wazi, selotepu ya pande mbili ukiibandika juu ya chaki inashika vumbi haishiki karatasi, kesho kutwa kipande kinadondoka ndani ya bahasha. Kwa hiyo toka asubuhi nimeacha mahali pa kubandikia bila rangi. Vipande vikubwa selotepu ya pande mbili, vidogo gundi ya kijiti, gundi ya maji sitii kwenye karatasi za maua maana ni nyembamba, zinalowa na kujikunja. Lile ua la pembeni nimeliweka juu ya vipande vidogo vya sponji yenye gundi ili liinuke, kivuli chake chenyewe kinafanya kazi ambayo chaki ingefanya. Kadi za shukrani zote nazilaza chini ya vitabu vizito saa moja, katikati ya kila moja karatasi safi.

Saa 11:30 jioni

Sprei ya kukazia chaki isitoke. Natoka nje, kopo sentimita 30 hivi kutoka kwenye kadi, nalipitisha bila kusimama, safu nyembamba, nasubiri ikauke, nyingine nyembamba. Ukimimina mara moja rangi nyepesi zinalowa na kugeuka nzito, ule ukungu wa kilima cha kwanza unapotea. Hata ukifanya vizuri rangi inakolea kidogo, kwa hiyo kwenye kupaka naacha nyepesi kuliko ninavyotaka iishie. Sprei ya nywele najua wengi wanatumia, mi kwa kadi ya mtu aliyelipia siiweki, ina harufu na baada ya mda inaweza kuleta umanjano. Na kadi ambayo haikupakwa sana siipigi sprei kabisa, naifunika uso kwa karatasi ya kukopia inayoonyesha, inatosha.

Saa 1 usiku

Napitisha kidole kisafi kwenye kona ya kila kadi, kidole kikitoka kisafi inaingia kwenye bahasha, kikitoka na rangi inarudi kwenye sprei. Zilizorudi ni zile zenye mistari, ile karatasi ina mng'ao kidogo, nimezipa safu moja zaidi. Kadi ya mama nimeiwekea kadibodi nyuma isipinde njiani, ndani nimeacha wazi, binti yake ataandika mwenyewe kwa mkono wake na nimemtumia meseji kwamba atumie kalamu ya biki sio ya wino wa maji, na mkono wake ulale upande wa kulia tu, kushoto kuna vumbi kidogo la kijani nimeliacha kwa makusudi kwenye kona. Kesho ni kadi za pole, hizo maua makubwa hayaingii, manila nyeusi, chaki nyeupe na kijivu, basi.