Ukitaka mlio wa mpigaji unayempenda, anza na nyuzi

Wapiga gitaa wasio wa kulipwa wakikutana, maongezi yao yana mkondo wake. Kwanza ni nani aliyekufanya ushike gitaa: huyu atamtaja Franco, yule Dr Nico, mwingine Jimi Hendrix au Mark Knopfler. Halafu inakuja zamu ya vifaa: gitaa gani, amplifaya gani, pedali ngapi. Katikati ya hayo mawili kuna swali ambalo karibu kila mara linarukwa, nalo ndilo linaloyaunganisha: huyo unayempenda alifunga nyuzi za unene gani, alizityuni (yaani alizikaza) kwa sauti zipi, na uzi wake uliguswa na nini? Bila majibu hayo mtu anaweza kupata gitaa lile lile na amplifaya ile ile, akakaa mwaka mzima akijiuliza mbona mlio haufanani.

Mfano mzuri ni Stevie Ray Vaughan, mpiga blues wa Marekani. Wengi wanaomfuata hukimbilia gitaa la aina yake, Stratocaster ya Fender. Lakini alijulikana kwa kufunga nyuzi nene mno, uzi wa kwanza ukiwa inchi 0.013, na kushusha gitaa zima nusu toni. Magitaa mengi ya umeme hutoka kiwandani na seti inayoanzia 0.009 au 0.010. Tofauti ya sehemu tatu kati ya elfu moja za inchi inaonekana ndogo kwa macho, ila mkazo wa uzi wa chuma mtupu hupanda kwa mraba wa unene wake. Kutoka 0.010 kwenda 0.011 ni ongezeko la asilimia 21. Kutoka 0.010 kwenda 0.013 ni asilimia 69. Ukishusha nusu toni unarudisha asilimia 11 hivi, na bado uzi wa kwanza unabaki na mkazo mara moja na nusu ya ule uliozoea. Ndiyo maana noti zake zina kishindo, na ndiyo maana vidole vya mtu asiyezoea vinachubuka siku ya kwanza.

Tony Iommi wa Black Sabbath alikwenda upande wa pili. Alikatika ncha za vidole viwili vya mkono wa kubonyezea akiwa kijana kiwandani, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akashusha gitaa nusu toni tatu. Kushuka kiasi hicho kunaondoa takriban asilimia 29 ya mkazo. Uzito wa mlio wake ulitoka kwenye nyuzi laini, kinyume kabisa na wanavyodhani wengi wanaosikia muziki mzito na kukimbilia seti nene.

Urefu wa uzi nao una neno lake. Fender nyingi zina milimita 648 kutoka nati ya kichwani (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi) hadi darajani, Gibson nyingi zina karibu 628. Kwa nyuzi zile zile na sauti zile zile, hilo la pili ni laini kwa asilimia 6 hivi. Mtu anayehama kutoka moja kwenda jingine akiona kuvuta uzi kumekuwa rahisi, asidhani mkono wake umepata nguvu usiku mmoja.

Kisha kuna kinachogusa uzi. Wes Montgomery, mpiga jazz, alipiga kwa dole gumba, na ule ulaini wa noti zake hauwezi kupatikana kwa piki, kile kibao kidogo cha kupigia, hata uzungushe kitufe cha toni mpaka mwisho. Brian May wa Queen anatumia sarafu ya zamani ya peni sita ya Uingereza, yenye ukingo wa mikwaruzo unaoparuza uzi mwanzoni mwa kila noti. Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki wa Afrika, Hugh Tracey, mwaka 1952, alitembeza dole gumba kwenye besi huku kidole cha shahada kikijibu juu, na watu wakadhani wanasikia magitaa mawili. Kwa anayetumia piki, unene wake ni jambo la kupima kabla ya kuwaza pedali. Piki ya milimita 0.5 hupinda kabla ya kuuachia uzi, kwa hiyo unasikia mlio mwembamba wenye mkwaruzo, mzuri kwa kuchapa kordi. Kuanzia milimita 1 kwenda juu haipindi, na noti moja moja za solo hutoka zimeshiba. Pia angalia unapiga wapi: karibu na daraja mlio unakuwa mkali, ukisogea kuelekea shingoni unakuwa mnono. Hilo halina gharama yoyote, na kwa maoni yangu linabadilisha mlio kuliko nusu ya pedali zinazouzwa.

Kuna gitaa moja linalostahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu linaonyesha haya yote kwa pamoja. Kwenye bendi za Kongo, kati ya gitaa la solo na la rithimu kuna lile linaloitwa mi-composé. Siri yake kubwa iko kwenye uzi wa nne, yaani D. Unatolewa ule uliosokotwa, unawekwa mwembamba mtupu unaofanana na uzi wa kwanza, na unatyuniwa oktavu moja juu, hertzi 293.66 badala ya 146.83. Ghafla kordi ya kawaida inakuwa na noti inayong'aa katikati yake, na mistari rahisi inasikika kama imefumwa.

Watu husikia hivyo, wakabadilisha uzi, kisha wakalalamika kwamba gitaa limeharibika. Haijaharibika kitu. Mfereji wa nati ulichongwa kwa uzi wa inchi 0.026 hivi, wa 0.010 unacheza humo na kutoa mlio wa nzi. Dawa ya muda ni kuweka kipande chembamba cha karatasi ngumu ndani ya mfereji chini ya uzi. Dawa ya kudumu ni nati nyingine iliyochongwa kwa kazi hiyo. Pili, uzi mwembamba unahitaji nyongeza ndogo ya urefu kuliko ule mnene, kwa hiyo kitandiko chake, yaani kile kipande kinachoubeba uzi pale darajani, lazima kisogezwe mbele kuelekea shingoni, la sivyo kila noti juu ya freti (vile vyuma vilivyolala shingoni) ya tano itakuwa chini kidogo. Mkazo wa uzi huo pia umepungua, kwa hiyo usiubonyeze kwa nguvu ile ile ya zamani. Utaupandisha sauti kwa kidole chako mwenyewe.

Na hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Kila unapobadilisha unene wa nyuzi au tyuni, gitaa linapaswa kupangwa upya. Seti ya 0.010 hadi 0.046 kwenye tyuni ya kawaida inavuta shingo kwa zaidi ya kilo 45. Ukiongeza au ukipunguza, ule mti unasogea.

Tahadhari moja kabla ya hatua zenyewe: gitaa la nyuzi za nailoni lisifungwe nyuzi za chuma hata kama tundu zinapitisha. Mengi hayana fimbo ya chuma ndani ya shingo, ubao wake wa mbele ni mwembamba, na daraja litaanza kunyanyuka nyuma mpaka ling'oke.

Funga nyuzi mpya kwanza. Mizunguko miwili hadi mitatu kwenye kila ufunguo inatosha, ikishuka chini bila kupandana. Ikiwa sita au saba, uzi utakuwa unajikaza kidogo kidogo kila unapovutwa, na gitaa halitakaa kwenye tyuni. Tyuni kwa sauti utakayopigia kweli, si nyingine. Shika kila uzi katikati, unyanyue taratibu sentimita chache, tyuni tena, rudia mpaka usishuke.

Sasa shingo. Funga kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya kwanza, bonyeza uzi wa sita pale shingo inapoungana na kiwiliwili, halafu angalia nafasi kati ya uzi na freti ya nane. Inatakiwa karibu milimita 0.25. Huna kipimo? Kipande ulichokata cha uzi wa 0.010 kina unene huo huo; kipitishe hapo, kiguse bila kuunyanyua uzi. Nafasi ikiwa kubwa, kaza fimbo ya shingo kwa kuzungusha kuelekea mkono wa saa; ikiwa haipo kabisa, legeza. Robo ya mzunguko kwa mara moja, si zaidi, kisha tyuni na upime tena. Ufunguo wa alen uwe wa saizi yake hasa, kwa sababu ukiteleza unakula kona za nati ya fimbo, na hiyo ni kazi ya fundi. Fimbo ikigoma, acha. Fimbo iliyokatika ndani ya shingo ni msiba.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kutumia fimbo kushusha nyuzi. Fimbo ni ya kunyoosha shingo tu. Kimo cha nyuzi kinapangwa darajani, baada ya shingo kuwa sawa. Kwa gitaa la umeme anza na milimita 2 kwenye uzi wa sita na 1.6 kwenye wa kwanza, ukipima juu ya freti ya 12. Kwa gitaa kavu la nyuzi za chuma, 2.5 na 2. Hapo kwenye gitaa kavu kitandiko ni kipande kimoja cha mfupa au plastiki, na kinapunguzwa kwa kusugua upande wa chini juu ya msasa uliolazwa kwenye kitu kilichonyooka. Kumbuka hesabu: freti ya 12 iko nusu ya njia, kwa hiyo ukitaka kushusha nusu milimita pale, ondoa milimita nzima kwenye kitandiko. Sugua kidogo kidogo. Mfupa ukishaliwa haurudi.

Nati ya kichwani husahaulika sana. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu na uangalie juu ya freti ya kwanza: pawe na nafasi ya unywele. Ikiwa kubwa, kordi za mwanzoni mwa shingo zitakuwa juu ya sauti hata tyuna, kifaa cha kupimia sauti, ikisema gitaa liko sawa, na wengi hapo hulilaumu sikio lao bure. Ukisikia mlio wa "tink" wakati wa kutyuni, uzi unanasa kwenye mfereji. Paka unga wa risasi ya penseli humo, na kama umehamia nyuzi nene zaidi, mfereji unahitaji kupanuliwa.

Kisha usahihi wa freti. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kubonyeza, uupige upate ule mlio wa kengele, halafu ubonyeze hapo hapo na ulinganishe kwenye tyuna. Iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha kitandiko nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kilete mbele. Legeza uzi kwanza kila unaposogeza. Fanya hivi kwa nyuzi mpya tu: uzi mkuukuu umeliwa na freti na kujaa uchafu bila usawa, hautakupa jibu la kweli.

Kwenye magitaa yenye daraja linaloelea na mkono wa kutikisa, nyuzi nene zitalinyanyua daraja lote, kwa kuwa springi za nyuma zimezidiwa. Kaza skrubu mbili za kibao kinachoshika springi, au ongeza springi moja, tyuni, angalia, rudia. Hapa subira inahitajika, maana kila uzi ukiukaza nyingine tano zinashuka.

Gitaa likinguruma, sikiliza ni wapi kabla ya kugusa chochote. Uzi mtupu peke yake: nati imechongwa chini mno. Freti ya kwanza hadi ya tano: shingo imenyooka mno, legeza fimbo. Kuanzia ya 12 kwenda juu: daraja liko chini. Noti moja tu popote pale: freti iliyo mbele yake imenyanyuka, na fimbo haitaitibu kamwe.

Pikapu, zile sumaku zilizo chini ya nyuzi zinazonasa mlio, nazo huandamana na nyuzi. Bonyeza uzi wa sita freti ya mwisho. Kwa pikapu za koili moja, acha milimita 2.4 kati ya uzi na sumaku, na 2 upande wa uzi wa kwanza. Ukizisogeza karibu zaidi kwa tamaa ya sauti kubwa, sumaku inauvuta uzi, noti za juu za nyuzi nene zinatoka na mawimbi kama ziko mbili, na tyuna inayumba. Ni kosa linalofanana sana na freti mbovu, na linatibiwa kwa bisibisi ndani ya dakika moja.

Amplifaya iwe ya mwisho. Weka besi, kati na juu kwenye tano, geini (kitufe cha kuongeza mkwaruzo) chini kabisa, piga mstari unaoujua wa yule unayemfuata, ndipo upandishe geini polepole mpaka mlio ufanane na wa rekodi. Mara nyingi utasimama mapema kuliko ulivyotarajia, kwa sababu mkwaruzo mwingi unaosikika kwenye rekodi za miaka ya 1960 na 1970 ni mdogo kuliko kumbukumbu inavyosema. Kinachoujaza mlio ni mkono na gitaa la besi lililo pembeni.

Ukishapata, andika kwenye kikaratasi na ukiweke ndani ya kasha la gitaa: unene wa seti, tyuni, nafasi ya freti ya nane, kimo kwenye ya 12, unene wa piki, tarehe ya kufunga nyuzi. Mtu akikuuliza unatumia nini, msomee hicho kikaratasi kabla ya kumtajia jina la gitaa.